Kupunguza mabomu ya nyuklia "polepole": ndio mwendo, au tunafungwa kamba?

#1 Mwana_Kamalondo (Lubumbashi), 6 Agosti 2025, saa 3:10 usiku

Wakubwa kwa wadogo, jambo. Leo imetimia miaka 80 tangu Hiroshima. Jioni nilikuwa nakunywa munkoyo na shemeji yangu, mwanafunzi wa sheria, tukaanzisha ubishi ambao umegoma kuisha, ndiyo maana nauleta hapa. Yeye anasema mabomu ya nyuklia yataisha kwa hatua ndogondogo: leo mkataba wa kuacha majaribio, kesho wa kupunguza makombora, keshokutwa wakaguzi, mpaka siku moja tufike sifuri. Mimi nasema hiyo hatua kwa hatua ni kama yule mdeni anayekuletea franga mia kila mwezi ili usimpeleke kwa shefu wa kartye (mkuu wa mtaa). Deni linapungua? Ndiyo. Ana nia ya kulimaliza? Thubutu.

Na sisi wa Katanga tuna haki ya kuuliza kuliko wengine. Bomu zote mbili zilizopigwa Japani zilikuwa za urani ya Shinkolobwe, hapo kwa jirani zetu wa Likasi. Halafu Kongo hatujawahi hata kuitwa kwenye meza yao.

Polepole inafika, au haifiki?

#2 Foleni_Kasumbalesa (njiani)

Nina siku ya nne kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa na mzigo wa shaba. Mambo ya polepole mniulize mimi.

#3 Mwalimu_Katuba (Lubumbashi)

Marekebisho mawili kabla uzi haujakimbia.

Kwanza, bomu la urani lilikuwa la Hiroshima, karibu kilo 64 za urani. Lile la Nagasaki, siku tatu baadaye, lilikuwa la plutoni.

Pili, si kweli kwamba hatujaitwa. Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia Kongo iliuridhia mwaka 1970, mwaka uleule ulioanza kufanya kazi, kabla nchi haijaitwa Zaire. Na kuna jambo ambalo wengi hapa hawalijui: mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio yote una orodha ya nchi 44. Asipokubali mmoja kati ya hao 44, mkataba hauanzi. Kongo imo kwenye orodha hiyo! Sababu ni kile kinu kidogo cha nyuklia cha utafiti cha Kinshasa kilichowashwa 1959, cha kwanza Afrika. Sisi tumeridhia tangu 2004. Wanaokwamisha ni wengine: Marekani, Uchina, Misri, Iran na Israeli wametia saini wakaishia hapo, India, Pakistani na Korea Kaskazini hata kalamu hawakushika, Urusi iliridhia, halafu mwaka 2023 ikafuta.

Kwa hiyo katika mkataba huo Kongo ina uzito sawa na Marekani. Kwenye karatasi, angalau.

#4 Mwana_Kamalondo

Mwalimu aksanti. Ya 44 sikuijua. Lakini plutoni inaanguka kutoka mbinguni? Si inatengenezwa kwa kuichoma urani ndani ya kinu? Basi urani hiyo ilitoka wapi?

#5 Mwalimu_Katuba

Hapo umenikamata kidogo. Ndiyo, inatokana na urani. Karibu theluthi mbili ya urani ya mradi wa Manhattan (ule wa Marekani wa kutengeneza bomu) ilitoka Kongo, iliyobaki ilitoka Kanada na Marekani kwenyewe. Ikishasafishwa ikachanganywa, huwezi kusema chembe hii ni ya Shinkolobwe na hii ni ya Kanada. Kwa hiyo sema "kwa sehemu kubwa" nami nitakaa kimya.

#6 Mzee_wa_Likasi

Jambo yenu batoto. Mie nilizaliwa 1951. Baba yangu alitumikaka kule Shinkolobwe mbele ya uhuru. Balikuwa banachagula majiwe na mikono, banaweka mu magunia. Ile majiwe ilikuwa na rangi ya kupendeza, ya manjano, ingine ya majani. Hakuna mutu alibaambia asema ni kintu gani. Banasema tu: hii ni ya bazungu, inaenda Ulaya. Treni inabeba mpaka Ilebo, pale inaingia mu mashua, inaenda Kinshasa, kisha Matadi. Mu 1960 mbele bazungu baende, balifunga shimo na béton (zege).

Baba alikufa bila kujua Hiroshima iko fasi gani. Njo vile.

#7 Msafiri_wa_Tunduma (Tanzania)

Shikamoo mzee. Pole kwa baba. Stori zako natamani ziwe ndefu zaidi, ila hapo kwenye "majiwe" nimesoma mara mbili 😄

#8 Mzee_wa_Likasi

Marahaba. Majiwe ni majiwe. Wewe kula ugali, sie tukule bukari, yote ni unga.

#9 Mama_Likelemba (Lubumbashi)

Mwana_Kamalondo, mfano wako wa mdeni siukubali. Mimi nimeendesha likelemba (upatu, kuchangiana kwa zamu) miaka kumi na moja pale sokoni. Ukikusanya wanawake kumi wasiojuana, huanzi na dola mia. Unaanza na dola tano. Mwenye tabia ya kukimbia anakimbia na dola tano, mnamjua, mnamtoa, maisha yanaendelea. Mzunguko wa pili dola kumi. Mzunguko wa sita ndipo mtu analeta mia bila kuomba aandikiwe. Uaminifu hauji kwa kikao kimoja.

Hawa wakubwa wa dunia hawajuani, wanachukiana. Unataka waanze na mia?

#10 Wakili_wa_Kenya

(Kabla hamjauliza: Kenya ni komini yetu hapa Lubumbashi, Nairobi sijawahi kufika.)

Mama, likelemba yako ni nzuri, ila hebu tuusome mkataba wa 1968 (ule wa kuzuia uenezaji, alioutaja Mwalimu) kwa macho ya likelemba. Watu watano walikwisha kupokea zamu yao: mwenye kulipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967 alihesabiwa mwenye nyuklia, yaani Marekani, Urusi (wakati huo Sovieti), Uingereza, Ufaransa, Uchina. Wengine wote wakaambiwa: ninyi wekeni, msichukue kamwe. Na hao watano wataweka lini? Kifungu cha 6 kinasema watajadiliana "kwa nia njema". Tarehe hakuna. Faini hakuna. Mwaka 1995 mkataba ulipofikisha miaka 25, badala ya kuwabana, tuliuongeza bila kikomo.

Mama, ukipata wanachama kama hao sokoni kwako ungewafanyaje?

#11 Mama_Likelemba

Ningeenda kukaa mlangoni kwao na mkeka wangu mpaka majirani watoke kuangalia.

#12 Wakili_wa_Kenya

Basi umeueleza mkataba wa 2017 kuliko profesa yeyote. Nchi 122 zilipiga kura ya kukataza silaha hizo kabisa, Uholanzi peke yake ikapinga, Singapore ikajizuia. Ulianza kufanya kazi Januari 2021. Kongo tulitia saini 2017, tukaridhia 2022. Hakuna mwenye bomu hata mmoja aliyeingia. Ni mkeka mlangoni.

#13 Fundi_Bafle (Lubumbashi)

Nimesoma yote, naona mnazunguka. Niwape kisa cha avenyu yetu, maana nyuklia nimeiona kwa macho.

Mimi kazi yangu ni kufunga vyombo vya muziki. Avenyu yetu ina makanisa mawili, palseli kwa palseli, ukuta ni mmoja. Sitayataja. Kanisa A likaleta bafle (spika) mbili. Kanisa B likaleta nne. A wakaniita niwafungie sita, nikafunga, nilikuwa na njaa. B wakaniita wiki iliyofuata. Kufikia mwaka jana zilikuwa bafle 22 kwa ukuta mmoja wa matofali, na mahubiri hayasikiki upande wowote, kila upande unasikia ya mwenzake. Bibi mmoja wa pale kati alihamia kwa binti yake Ruashi.

Shefu wa kartye akaita kikao: wote zimeni siku moja, saa moja. Wakakubali kwa mikono miwili. Siku ikafika, kila mmoja akasubiri mwenzake azime kwanza. Saa sita usiku wote walikuwa wanapiga.

Aliyevunja ubishi ni pasta wa B, tena baada ya kuumwa. Jumatano moja akasema kwenye maikrofoni, wote tukasikia: "Ndugu zetu wa upande wa pili, kuanzia leo Jumatano tunazima bafle mbili za nje. Hatuombi kitu." Akazima kweli. Wiki mbili A hawakufanya chochote, vijana wa B wakaanza kumsema pasta wao kuwa mwoga. Wiki ya tatu A wakageuza bafle zao mbili ziangalie ndani. Hawakutangaza, waligeuza tu. B wakazima nyingine mbili. Leo zimebaki 12.

Hakuna mkataba, hakuna karatasi. Sasa niambieni polepole haifiki.

#14 Msafiri_wa_Tunduma

Fundi, na mapato yako yamepungua kwa asilimia ngapi? 😂

#15 Fundi_Bafle

Usinikumbushe. Mwenye kiwanda cha makombora na mimi tunaelewana sana.

#16 Prof_Terril (Lubumbashi)

Fundi, alichofanya huyo pasta kimeandikwa na mwanasaikolojia Mmarekani Charles Osgood mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazo lake: ukitaka kuvunja mashindano, chukua hatua ndogo wewe mwenyewe, itangaze wazi kabla, itimize bila sharti, na iwe ndogo kiasi kwamba mwenzako akikudanganya hufi. Kisha subiri. Akijibu, ongeza. Asipojibu, usikate tamaa mara moja.

Yametokea kweli mara mbili, nami hizo mbili nazipenda kuliko mikataba yote.

Juni 10, 1963, miezi minane baada ya dunia karibu kuungua juu ya makombora ya Wasovieti huko Kuba, Kennedy alisimama chuoni Washington akatangaza Marekani haitalipua majaribio angani mradi wengine nao wasilipue. Wasovieti wakaichapa hotuba yake yote katika magazeti yao. Kabla mwezi haujaisha ikakubaliwa simu ya dharura kati ya Washington na Moscow. Agosti 5 wakasaini Moscow mkataba wa kuacha majaribio angani, majini na anga za juu. Chini ya ardhi waliendelea, ndiyo, lakini ilikuwa miezi miwili tu!

Ya pili: Septemba 27, 1991, Bush baba alitangaza kwenye televisheni kwamba anaondoa silaha ndogo za nyuklia za nchi kavu duniani kote na zile za kwenye meli. Hakuomba saini. Gorbachev akajibu Oktoba 5 na orodha yake mwenyewe. Siku nane. Linganisha na mazungumzo ya Geneva yanayochukua miaka kumi kukubaliana juu ya maana ya neno "kombora".

#17 Dada_Bukavu

Niko Bukavu, na mwaka huu wa vita sina haja ya kueleza hali yetu. Ninawasoma kwa hamu, lakini ya bafle na likelemba mnaichukulia kirahisi.

Sisi tumeona mipango ya kunyang'anya silaha ikija na majina mapya mara ngapi sijui. Kikundi kinakuja na bunduki kuukuu, zimefungwa kwa waya, kinapigwa picha, kinapewa turubai na sufuria. Zile nzima ziko porini. Hiyo ni "hatua ndogo iliyotangazwa wazi". Mwenzake akiamini akaweka zake, amekwisha. Kwa hiyo mimi swali langu ni dogo: nani anahesabu? Pasta wa B alijuaje kwamba A hawakuficha bafle stoo?

#18 Fundi_Bafle

Dada pole sana na mkazo. Jibu: anajua kwa sababu fundi ni mmoja.

#19 Prof_Terril

Dada, umegusa palepale. Hizo hatua za 1991 hazikuwa na mkaguzi hata mmoja, na mpaka leo watu wanabishana ni ngapi Urusi ilibakiza. Ndiyo maana mkataba wa makombora ya masafa ya kati wa 1987, wa Reagan na Gorbachev, ulikuwa tofauti. Waliharibu makombora 2,692, huku wengine wakiangalia. Wamarekani walikaa miaka 13 mlangoni mwa kiwanda cha Votkinsk huko Urusi, wakihesabu kila kilichotoka, na Warusi nao wakakaa mlangoni mwa kiwanda huko Magna, Utah. Wakati huo mkeka wa mama ulikuwa na mishahara na chakula.

#20 Kijana_Ruashi

Yote hayo na mkataba huo umekufa 2019. Ule wa 2010 uliobaki, wa vichwa vya nyuklia 1,550 kila upande, Urusi iliusimamisha 2023, na muda wake unaisha Februari 5, 2026. Miezi sita. Baada ya hapo Wamarekani na Warusi hawana kikomo kilichoandikwa. Kwa hiyo miaka 50 ya polepole inarudi pale ilipoanzia.

Na mimi nasema jambo ambalo hamtaki kusikia: mwenye bomu hapigwi. Gaddafi aliacha mpango wake wa bomu Desemba 2003, mwaka 2011 tuliona alivyoishia. Ukraine ilikuwa na vichwa karibu 1,900 vya masafa marefu, ikaviacha kwa karatasi ya ahadi za usalama ya Budapest ya 1994. Iran ilikubali kubanwa 2015, Marekani ikajitoa 2018, na Juni mwaka huu imepigwa mabomu. Korea Kaskazini ilijitoa kwenye mkataba wa 1968 mwaka 2003, ikalipua 2006, nani anaigusa? Mngekuwa ninyi mngeweka chini?

#21 Mwalimu_Katuba

Kijana, hasira zako nazielewa, ila usichanganye magunia. Vichwa vya Ukraine vilikuwa vya Sovieti na namba za kuvifyatulia zilikuwa Moscow. Kuvimiliki kweli kungetaka miaka na pesa ambazo hawakuwa nazo. Gaddafi naye hakuwa na bomu, alikuwa na mashine nyingi bado kwenye masanduku. Mtu hawezi kusema "aliweka bunduki chini" wakati alichoweka chini ni kitako na risasi tatu.

#22 Kijana_Ruashi

Kitako na risasi tatu kingemsaidia zaidi kuliko ile karatasi, Mwalimu.

#23 Mama_Likelemba

Na Afrika Kusini je? Mandela alipoingia si alitupa yote?

#24 Wakili_wa_Kenya

Mama, wengi wanasema hivyo, lakini ilikuwa kabla ya Mandela. Walikuwa na mabomu sita kamili. De Klerk aliamuru yavunjwe, wakaingia kwenye mkataba wa 1968 Julai 1991, na Machi 1993 akaliambia bunge kwamba yalikuwepo na yameisha. Ndiyo nchi pekee iliyojitengenezea mabomu yake ikayavunja yenyewe.

Kwa nini? Hapo ndipo utamu. Wengine wanasema ni kwa sababu Wakuba walitoka Angola na Sovieti ikaisha, adui akakosekana. Wengine: vikwazo, walitaka kurudi sokoni. Na wengine wanasema wazi kwamba wazungu wa pale hawakutaka kuliacha bomu mikononi mwa serikali ya Weusi. Chagua mwenyewe.

#25 Mzee_wa_Likasi

Mie nachagula ya mwisho.

#26 Mwana_Kamalondo

Na mimi niko na mzee.

Ila niulize jingine. Mwalimu na Prof mnasema hatua zinafanya kazi. Nimetazama: mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa kama 70,000. Leo ni kama 12,000. Shemeji amenitupia namba hizo usoni kama ushindi wa polepole yake. Je, ni polepole iliyofanya, au ni kitu kingine?

#27 Foleni_Kasumbalesa

Pesa. Sovieti ilifilisika. Ukikosa mafuta ya lori unauza lori. (Bado niko foleni. Siku ya tano.)

#28 Prof_Terril

Pesa haielezi kwa nini Marekani nayo, yenye pesa, ilipunguza. Ni woga: Kuba 1962, halafu 1983 walikaribia tena. Na ni watu wawili, Reagan na Gorbachev, waliokaa chumba kimoja wakaamua kuaminiana.

#29 Mwalimu_Katuba

Mimi naongeza maelezo yasiyo na utukufu. Zamani kombora lilikuwa linakosea shabaha kwa kilomita, kwa hiyo ulihitaji kurusha matano kwa lengo moja. Siku hizi linaingia dirishani. Moja linatosha. Namba inashuka, uwezo wa kuua haushuki kiasi hicho.

#30 Fundi_Bafle

Aisee. Mwalimu, umenitia wasiwasi. Ninyi hamjui: kanisa A lilipogeuza zile bafle mbili, liliniita nikaliwekea kipaza kipya. Kidogo hivi, kama kapu la mayai. Kinashinda bafle nne za zamani. Sikufikiri.

#31 Dada_Bukavu

😂😂 Ndiyo nilikuwa nauliza. Fundi ni mmoja!

#32 Wakili_wa_Kenya

Fundi amekiri mbele ya umma. Hii inaitwa kuboresha silaha, na wote tisa wenye mabomu wanaifanya sasa hivi huku wakisema wanapunguza.

#33 Msafiri_wa_Tunduma

Namba 26, usisahau vichwa vya zamani vilikwenda wapi. Mwaka 1993 Urusi ilikubali kuiuzia Marekani tani 500 za urani iliyotolewa kwenye mabomu, ikapunguzwa makali ikawa mafuta ya vinu vya umeme. Mpaka 2013 walimaliza. Ni kama vichwa 20,000. Kwa miaka hiyo karibu sehemu moja ya kumi ya umeme wa Marekani ilitoka kwenye mabomu yaliyokuwa yamewalenga wao wenyewe. Kwangu hiyo ndiyo hatua iliyokamilika, haigeuki nyuma: ukishaichoma, imeisha.

#34 Mama_Likelemba

Bomu za Warusi zimewasha taa za Wamarekani. Sisi tuna bwawa la umeme la Inga, waya mkubwa umevutwa kutoka kule mpaka Kolwezi tangu 1982, na jana nimepika sombe kwa makala (mkaa) gizani.

#35 Mzee_wa_Likasi

Na urani yetu njo ya kwanza kwenda. Hata taa moja hatukupata.

#36 Kijana_Ruashi

Mzee, Shinkolobwe watu bado walikuwa wanaingia usiku, hata baada ya béton. Kaka yangu mkubwa alichimba kobalti pale kabla ya 2004. Serikali ilifunga kwa amri Januari mwaka ule, na Julai shimo likaporomoka likaua watu 8. Yeye alikuwa ametoka wiki moja kabla, mke wake alikuwa anajifungua. Yule mtoto ana miaka 21 sasa, tunamwita Bahati, jina lake halisi hata yeye analisahau.

Mnaongea mikataba ya Geneva, lakini hatua ya kwanza kabisa ingekuwa kufunga shimo vizuri.

#37 Mwalimu_Katuba

Hilo silipingi. Kuna mkataba uliozungumzwa tangu miaka ya 1990 wa kuacha kutengeneza malighafi ya mabomu, hata majadiliano yenyewe hayajaanza rasmi kule Geneva, maana pale kila kitu kinataka wote wakubali. Na hata ungepita, unahusu urani iliyorutubishwa na plutoni, si shimo la Shinkolobwe. Hakuna anayetaka kuanzia chini kabisa.

#38 Msafiri_wa_Tunduma

Nje ya mada: Shinkolobwe maana yake nini?

#39 Kijana_Ruashi

Ni tunda, ukilibana likiwa moto linakuunguza.

#40 Mama_Likelemba

Mimi nilisikia ni mtu mpole ambaye siku moja anakasirika ghafla.

#41 Mzee_wa_Likasi

Yote mbili basema bantu. Baba yangu alisema ni jina ya fasi, basi.

#42 Prof_Terril

Turudi. Dada_Bukavu aliuliza nani anahesabu, na Kijana akauliza nani ataweka chini wakati wenzake wana bomu. Ni maswali mawili tofauti, na naona hatua ndogo zinajibu la kwanza tu. Unaweza kuhesabu mpaka 1,550, mpaka 500, labda mpaka 100. Kutoka 100 kwenda sifuri ni kitu kingine: mwenye kuficha kumi wakati wote wana elfu si kitu, mwenye kuficha kumi wakati wengine wana sifuri ni mfalme wa dunia. Hapo polepole inakuwa ngumu zaidi kila unapokaribia. Nakubali, Mwana_Kamalondo. Ila hiyo haikupi haki ya kusema hatua za mwanzo ni kamba.

#43 Mwana_Kamalondo

Prof, umenipa nusu, nachukua nusu. Shemeji amesoma uzi wote, anasema ameshinda. Mimi nasema nimeshinda. Munkoyo imekwisha.

#44 Wakili_wa_Kenya

Hakuna aliyeshinda, kesi imeahirishwa mpaka Februari tuone ule wa 1,550.

#45 Foleni_Kasumbalesa

Nimevuka!!

#46 Msafiri_wa_Tunduma

Karibu, ila foleni ya Tunduma inakusubiri kaka.

#47 Dada_Bukavu

Fundi, kile kipaza kidogo umewaambia B?

#48 Fundi_Bafle

Bado. B wamenipigia leo mchana, wanauliza kama kuna kitu kidogo chenye sauti kubwa. Sijui walisikia wapi.

#49 Mama_Likelemba

USIUZE.

#50 Fundi_Bafle

Mama, ada za shule zinaanza Septemba. Nimewaambia nitajibu wiki ijayo. Jumapili namtuma mtoto wangu asimame katikati ya avenyu ahesabu pande zote mbili. Akirudi na biskuti mkononi, mjue mkaguzi ameshanunuliwa.